Barua ya wazi kwa wanaonunua seva: marudio nayo yanataka eneo

Kwa wakurugenzi, wakuu wa vitengo vya TEHAMA na maofisa ununuzi wa halmashauri, hospitali, SACCOS, vyama vya ushirika na kampuni za madini, kuanzia Kahama na Shinyanga hadi Geita.



Nawaandikia kutoka Nyahanga, hapa Kahama mjini. Kazi yangu ni kufunga na kutunza storeji, yale makabati ya diski yanayokaa nyuma ya seva. Mgeni akiingizwa kwenye chumba hicho huona taa za kijani na kusikia feni, basi. Sisi mafundi wa storeji hukumbukwa taa zikigeuka rangi ya chungwa, na kwa kawaida huwa ni usiku. Safari hii nimeona niwawahi.

Shauri langu kwenu ni moja. Mnanunua diski kwa kupima ukubwa wa data mliyonayo, wakati kinachozijaza ni kasi ya data hiyo kubadilika. Hivyo ni vipimo viwili tofauti, na mkichanganya mtalipa mara mbili: kwanza kwa fedha, kisha kwa foleni ya wananchi wanaoambiwa mtandao haupo, kumbe mtandao upo ila diski imejaa.

Mtu wa ukanda huu wa dhahabu hahitaji semina kulielewa jambo hili. Nenda mwalo wowote wa kuchenjulia dhahabu. Mawe yanaletwa, karasha linasaga, na kwenye tani nzima zinapatikana gramu chache za dhahabu. Tani iliyobaki haijaenda popote. Imekuwa mchanga, nao tunauita marudio, kwa sababu bado una kitu ndani yake na ipo siku mtu ataurudia auchenjue upya. Sasa mwenye mwalo akipima eneo la kumwaga marudio kwa kutazama dhahabu aliyouza, mchanga utamfikia mlangoni kabla ya masika. Eneo hupimwa kwa tani zinazosagwa kwa siku. Hata migodi mikubwa inapanga bwawa la tope kwa tani zinazopita kinuni, wala haitazami matofali ya dhahabu yanayopanda ndege.

Snapshoti ni marudio ya diski.

Wengi wenu mmeuziwa storeji yenye uwezo wa kupiga snapshoti na mkaambiwa ni picha ya data ilivyokuwa saa fulani, inayopigwa kwa sekunde na isiyokula nafasi. Ni kweli, kwa dakika ile inapopigwa. Ukipiga snapshoti ya volyumu, yaani fungu la diski lililotengewa mfumo, ya terabaiti 8 saa mbili asubuhi, hakuna kinachonakiliwa. Storeji inaandika tu orodha ya vipande vya data na mahali vilipo. Gharama inaanza saa tatu, mhasibu anapobadilisha rekodi. Kipande cha zamani hakiwezi kutupwa tena, maana snapshoti inakidai. Mifumo mingine hukibeba kwanza kukipeleka eneo la akiba ndipo iandike kipya mahali pake, na hapo badiliko moja linazaa kazi tatu, yaani kusoma mara moja na kuandika mara mbili. Mingine huacha cha zamani kilipo na kuandika kipya pengine. Njia ya pili haichoshi diski sana, lakini kwa upande wa nafasi mwisho wao ni mmoja: palipokuwa na kipande kimoja sasa vipo viwili, na vitabaki viwili mpaka snapshoti ifutwe.

Nafasi hiyo inatoka kwenye hodhi moja la pamoja, ambalo mafundi tunaliita puli. Volyumu zote hunywa humo pamoja na snapshoti zake, kama ng'ombe wa vijiji vitatu kwenye lambo moja. Isitoshe, siku hizi karibu kila storeji inaruhusu kuahidi zaidi ya kilichopo. Unaweza kuwa na hodhi la terabaiti 20 ukagawa volyumu ambazo jumla yake ni 40, kwa matumaini kwamba hazitajaa kwa pamoja. Kondakta anayekata tiketi za ziada kwa kuwa anajua wengine watashuka Kagongwa anafanya hesabu hiyo hiyo, na siku nyingi inampa faida. Shida ni ile siku ambayo hakuna anayeshuka.

Niwasimulie usiku mmoja. Ofisi siitaji, wala mji. Ilikuwa tarehe 27, mishahara inaandaliwa, simu ikaita saa tano usiku: "Fundi, mfumo umeganda." Nikachukua bodaboda. Nilipofika hodhi lilikuwa asilimia 100, na kijana wa TEHAMA alikuwa ameshafanya ambacho yeyote kati yetu angefanya: alifuta video za zamani za kamera, gigabaiti 300 hivi. Akatazama tena. Nafasi haikuongezeka hata gigabaiti moja. Alikuwa amekaa sakafuni akiamini kwamba storeji imekufa mikononi mwake.

Haikuwa imekufa. Video zile zilikuwa zimeshikwa na snapshoti. Kwa mtumiaji zimefutika. Kwa hodhi zimehama tu kutoka kwenye jina la volyumu kwenda kwenye jina la snapshoti. Tulipotafuta tukaikuta moja inayoitwa kabla_ya_maboresho. Ilipigwa miezi saba nyuma na fundi aliyekuja kuboresha programu, akamaliza kazi, akasainiwa karatasi zake, akaondoka. Tangu siku ile, kila kilichobadilika kwenye volyumu kiliacha toleo lake la zamani likiendelea kulala kwenye hodhi. Ilikuwa imemeza zaidi ya terabaiti 2. Tuliifuta, na bado nafasi haikurudi papo hapo, kwa sababu storeji hurudisha vipande taratibu. Kulikucha tukiwa tunatazama namba ikishuka kidogo kidogo.

Hodhi likijaa, mambo hutegemea mfumo. Kwenye Linux, snapshoti za mtindo wa zamani za LVM eneo lake likijaa hubatilika, na kumbukumbu yako yote imekwenda, ingawa volyumu yenyewe inaendelea. Hodhi la mtindo mpya likijaa, kwa mpangilio wa kawaida data inayoandikwa husubiri sekunde 60, kisha inaanza kurudishwa na ujumbe wa kosa, na hapo databesi inaanguka. Mifumo mingine ina mpango wa kujifutia snapshoti nafasi ikibana. Nitaurudia mpango huo, maana ndio unaonitia hofu kuliko yote.

Sasa twende kwenye hesabu. Tuseme mna data ya terabaiti 8, na kwa siku ya kawaida asilimia 2 yake hubadilika. Hiyo ni gigabaiti 160 kwa siku. Mkitaka kurudi nyuma siku 30 kwa snapshoti moja kila siku, 160 mara 30 ni terabaiti 4.8. Lakini mwezi hauna siku za kawaida tupu. Tuseme siku tatu za mwisho wa mwezi, za mishahara na kufunga hesabu, mabadiliko yanapanda hadi asilimia 7, yaani gigabaiti 560 kwa siku. Sasa ni siku 27 za 160 na siku 3 za 560, jumla terabaiti 6 kamili. Data 8, marudio 6, mnahitaji 14 kabla hamjaongeza hata mgonjwa mmoja mpya. Na kwa kuwa hodhi halipaswi kupita asilimia 80, gawa 14 kwa 0.8 upate 17.5. Aliyenunua 10 kwa ajili ya data ya 8 alijiona mkarimu kwa kuongeza robo nzima.

Namba hizo ni za mfano. Zenu hazifanani nazo, na ndiyo sababu nawaomba mpime kwenu badala ya kukopa asilimia ya jirani. Hospitali inaweza kuwa na terabaiti nyingi za picha za eksirei ambazo zikishaandikwa hazibadiliki kamwe. Snapshoti za volyumu hiyo ni karibu bure. Databesi ya malipo ya hospitali hiyo hiyo pengine haifiki hata nusu terabaiti, na bado ndiyo itakayokula hodhi. Mgodini ni vile vile: kumbukumbu za uchorongaji za miaka kumi zimetulia kama mawe yenyewe, lakini mfumo unaofuatilia malori unaandika usiku na mchana. Ukitazama ukubwa utamwogopa asiye na madhara.

Kuna mitego mingine ambayo haionekani kwenye karatasi ya muuzaji. Databesi ikibadilisha ukurasa wa kilobaiti 8, storeji inayohesabu kwa vipande vya kilobaiti 64 itahifadhi 64 zote, na mabadiliko yakiwa yametawanyika huku na huko gharama inaweza kufika mara nane. Ratiba nayo ina neno lake. Rekodi inayobadilishwa mara kumi kwa wiki, kwa snapshoti moja ya wiki itahifadhiwa mara moja. Kwa snapshoti za kila saa itahifadhiwa karibu kila inapoguswa. Kwa hiyo "siku 30" peke yake haitoshi kuandikwa kwenye mpango, lazima isemwe ni siku 30 za kila saa au za kila siku. Storeji za NetApp zinazotumia ONTAP, kwa mfano, huja na ratiba ya kawaida ya snapshoti 6 za saa, 2 za siku na 2 za wiki, pamoja na akiba ya asilimia 5. Nimekuta ofisi zinazoendesha kila kitu kwa akiba hiyo ya kiwandani. Ikizidi, snapshoti hazisimami. Zinaingia kwenye nafasi ya data.

Tena kuna vitu ambavyo havikupaswa kuwa kwenye volyumu yenye snapshoti hata siku moja. Video za kamera zinazojiandika upya kila wiki mbili. Bekapu za databesi zinazomwagwa kila usiku karibu na databesi yenyewe, zikifutwa na kuandikwa upya. Mafaili ya muda. Hayo yana mabadiliko ya karibu asilimia 100, na hakuna atakayekuja kuuliza toleo la Jumanne. Yahamishieni kwenye volyumu yake isiyopigwa snapshoti, na wengine mtaona tatizo la hodhi limepungua nusu bila kununua chochote. Kwa wanaotumia VMware, ushauri wa watengenezaji wenyewe ni kutoacha snapshoti ya mashine ikae zaidi ya saa 72. Nimeshakuta zenye umri wa miaka.

Namna ya kupima si ngumu. Pigeni snapshoti moja kila siku kwa wiki tano, ili mwisho wa mwezi uingie humo, na kila asubuhi mtu mmoja aandike hodhi limeongezeka kiasi gani, kwa kila volyumu. Daftari la kawaida linatosha. Ila msijumlishe ile safu ya nafasi inayoliwa na kila snapshoti mkadhani mmepata jibu. Kwenye mifumo kama ZFS, namba hiyo huonyesha vipande vinavyoshikwa na snapshoti hiyo peke yake. Kipande kinachoshikwa na mbili hakionekani kwenye namba ya yoyote kati ya hizo mbili. Ndiyo maana mtu hufuta snapshoti tatu zinazoonekana ndogo, nafasi ikarudi kubwa ajabu, na mwingine akafuta moja asipate kitu. Tazameni jumla ya hodhi.

Sasa nije kwenu maofisa ununuzi, maana hapa lawama si ya mafundi. Nyaraka nyingi za zabuni ninazosomeshwa zinaandika "storeji, terabaiti 20", kisha nukta. Terabaiti 20 za wapi? Za diski zikiwa mpya kwenye boksi, au zilizobaki baada ya diski za kulinda nyingine kutolewa? Kabla ya kubana data au baada ya ubanaji ambao muuzaji anaahidi kuwa nne kwa moja? Picha za eksirei, nyaraka zilizoskaniwa na video zimeshabanwa tayari, hazitabanika mara ya pili kwa sababu broshua imesema. Hata 20 yenyewe: muuzaji huhesabu kwa elfu, kompyuta nyingi huhesabu kwa 1,024, na zikiwashwa mtaona 18.2. Andikeni nafasi halisi inayotumika bila kubana, andikeni snapshoti ni za siku ngapi na mara ngapi kwa siku, andikeni asilimia ya mabadiliko mliyopima, kisha mwacheni muuzaji athibitishe kwamba kabati lake linatosha. Atanuna. Atatosheleza.

Lipo jambo la kalenda ambalo vitabu vya watengenezaji haviligusi, kwa sababu hawajawahi kununua diski kwa mwaka wa fedha wa Tanzania. Tuseme kengele ya kiwandani hulia asilimia 80. Kwenye hodhi la 17.5, kilichobaki hapo ni terabaiti 3.5. Kama linaongezeka gigabaiti 400 kwa mwezi, mna miezi isiyofika 9. Je, miezi 9 inatosha? Mwaka wa fedha unaanza 1 Julai na makadirio yake huandikwa miezi kadhaa kabla. Anayegundua Agosti kwamba hodhi litajaa mwakani Mei ameshaukosa mwaka huu wa fedha, na ule ujao utafunguka hodhi likiwa limeshajaa. Bado kuna zabuni kwenye mfumo wa serikali wa NeST, tathmini, mkataba, meli, na bandari. Kama kwenu safari yote ni miezi 12, basi mnahitaji terabaiti 4.8 zikiwa wazi siku mnayoanza kuomba, na kengele inapaswa kulia hodhi likiwa asilimia 72. Taasisi binafsi inayonunua kwa wiki sita inaweza kusubiri. Wekeni kengele yenu kwa mwendo wa ununuzi wenu.

Nilisema nitaurudia mpango wa storeji kujifutia snapshoti. Virusi vya kudai fidia vikiingia, hufunga mafaili yote kwa siri zao, na kwa storeji hilo ni badiliko la karibu asilimia 100 kwa usiku mmoja. Data iliyofungwa hivyo haibaniki kabisa, hivyo iliyokuwa imebanwa ikakaa kwenye terabaiti 4 itadai 8. Hodhi linavimba. Sasa kama mmeruhusu storeji ijifutie snapshoti nafasi ikibana, itaanza na za zamani, yaani zile safi ambazo ndizo mngerudia. Mwizi ameingia, na mlinzi wako mwenyewe anamsaidia kubeba. Dawa ni snapshoti zilizofungwa zisifutike kabla ya siku zake, hata na msimamizi. Lakini dawa hiyo ina bei yake: hodhi likijaa kwa snapshoti zilizofungwa, hamwezi kuzifuta, na kwenye mifumo mingine hata fundi wa kiwandani hawezi. Mimi binafsi naona bei hiyo inalipika, kwa sharti kwamba wenye kufunga wamepima kwanza. Anayefunga siku 30 kwenye hodhi lisilojulikana linakuaje amejifungia mwenyewe.

Nanyi wakurugenzi, msiniambie hili ni la kitaalamu. Kuamua ofisi iweze kurudi nyuma siku ngapi si kazi ya kijana wa TEHAMA. Yeye akiachiwa ataweka siku 90 ili asilaumiwe, au 3 kwa sababu diski imebana, na yote mawili ni uamuzi wa taasisi uliofanywa na mtu asiyepewa mamlaka. Kuna na sheria. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawadai msikae na taarifa za watu muda mrefu kuliko inavyohitajika. Taarifa za mgonjwa mlizofuta leo bado zimo kwenye snapshoti zote za nyuma. Mkikaa kikao kupanga siku, pangeni mkilijua hilo.

Na tafadhali, snapshoti isiitwe bekapu kwenye taarifa za kamati. Imo kwenye diski zile zile. Kabati likiungua, data na marudio yake vinaungua pamoja. Nakala iwe pengine, na msitegemee ng'ambo peke yake. Nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika 12 Mei 2024, nchi nzima iliona intaneti inavyokuwa nzito, na siku kama hiyo hakuna anayevuta terabaiti 8 kutoka Ulaya. Snapshoti ya hapa inawarudisha kazini kwa dakika, bekapu ya mbali inawaokoa kabati likiungua. Moja hailipii deni la nyingine.

Wenyeji wa Kishapu wanaikumbuka 7 Novemba 2022, ukuta wa bwawa la tope la mgodi wa almasi wa Mwadui ulipobomoka na tope likafunika mashamba na makazi. Silinganishi maumivu yale na mfumo kuganda. Nalitaja kwa sababu moja tu: waliofikwa na tope hawakuwa wao waliopanga bwawa. Mama anayesubiri dirishani apewe namba ya matibabu naye hakupanga hodhi lenu.

Sihitaji majibu ya barua hii kwa maandishi. Leo, kabla hamjafunga ofisi, mwiteni kijana wenu wa TEHAMA, afungue skrini ya storeji, apange snapshoti zote kwa umri, na mtazame ile kongwe kuliko zote. Muulizeni ni nani aliyeipiga, na alikuwa anasubiri nini.

Wenu,
Fundi wa storeji,
Nyahanga, Kahama.